Tsawe Mwaringa Anatazama

Mtu akiniuliza kazi yangu, humwambia nawafulia wazee mashuka. Akiniuliza wazee gani, hunyamaza. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya makao yetu hapa nje ya Mariakani, nyuma ya maegesho ya malori: jina la mzee halitoki langoni. Wazee wetu ni wale waliokimbia kwao kwa sababu vichwa vimeota mvi na macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni, na watu wao wakaona hayo yanatosha kuwaita wachawi. Ila nimeona jambo moja katika kazi hii. Mzee asiye na shamba hazeeki vibaya. Mwenye shamba ndiye anayegeuka mchawi.

Mimi ni Zipporah. Baba yangu alitoka bara kuja kufanya kazi katika kiwanda cha maziwa, nami nikazaliwa hapa hapa, kwa hiyo watu wa pwani huniita wa bara, na wa bara huniita mpwani. Uuguzi nilisoma kidogo, hasira nilijaliwa nyingi. Haya nayaeleza nikiwa na hasira, na wala siombi radhi.

Mzee ninayetaka kumtaja tulimwita Mzee wa Mwisho, kwa kuwa alilala chumba cha mwisho kando ya choo. Jina lake lilikuwa Mwaringa. Nalitaja kwa sababu sasa halimdhuru tena. Begani alikuwa na kovu la panga ambalo ungeweza kulaza kidole ndani yake kikatulia. Aliyempiga panga hilo ni Mwaro, mtoto wa ndugu yake, aliyemlea mwenyewe tangu akiwa hajui kufunga kaptura. Shamba la mzee liko upande wa Malindi, mahali ambapo watu wa hoteli wameanza kuulizia viwanja. Mwaringa alitoroka na jeraha lake, akajificha vichakani, kanisa likamwokota na kumleta kwetu. Sote pale makaoni, kuanzia msimamizi wetu Bridgit hadi bawabu Gerishom, tulijua jambo moja: Mwaro akipata habari kwamba mzee yu hai, na yuko wapi, atakuja kumaliza alichoanza.

Mzee mwenyewe hakuwa na makuu. Alikaa kwenye benchi la jikoni, akanitania kwamba ugali wangu ni wa bara, mgumu kama matofali, kisha akaumaliza wote. Siku moja namenya mihogo, redio inasoma matangazo ya vifo, nikasikia benchi limelia. Alikuwa amesimama. Redio ilimtaja Kadzo, mke wa marehemu Mwaringa. Tangazo likaendelea, kwamba mazishi yatakuwa nyumbani kwake, na picha zitachukuliwa na studio fulani ya Kisumu Ndogo, Malindi.

“Huyo Kadzo ni mke wangu,” aliniambia. Mimi sikio langu lilikuwa limenasa kwenye lile neno marehemu, lakini yeye hata hakuligusa. “Wamzika wapi? Zipporah, wamlaza wapi mke wangu?”

Nilimwambia redio imesema nyumbani.

“Nyumbani ni pakubwa. Mwanangu alizikwa chini ya mkorosho, na nilimwahidi Kadzo kwamba naye atalala hapo. Wakimtupa mpakani kwenye ua, ni kwamba wameshaamua kuuza.”

Tangu siku hiyo hakunitania tena. Mwanamume ambaye hajamlilia mkewe, ambaye hakutupa udongo, ambaye hajui hata kaburi liko upande gani, hana raha ya kukaa wala ya kulala. Chakula alikirudisha. Alinijia jikoni na swali lile lile, wamlaza wapi, mpaka nikawa naogopa kusikia fimbo yake. Mwishowe Bridgit alisema tumwonyeshe tu hizo picha, maana tukikataa atatufia mikononi kwa huzuni.

Siku hizi matanga hayapiti bila kamera. Zamani studio zilikuwa zinatoa sidii, sasa studio ile ya Kisumu Ndogo ilikuwa imenunua mashine ya kuhifadhi picha zote za video, wanaiita sava, na kila familia ina rafu yake humo. Uko Watamu, uko Uarabuni, unafungua rafu ya kwenu kwenye simu au kwenye runinga, unalia pamoja na wenzako. Nasi runinga tulikuwa nayo. Kanisa lilituletea pamoja na kiboksi cha kuunganisha mtandao, kiboksi cheusi kisicho na jina la kampuni mahali popote. Bridgit alipata ruhusa ya kuifungua rafu ya Kadzo kwa kujifanya jamaa wa mbali. Akaunganisha, kioo kikaandika: Kifaa hiki hakitambuliki.

Nilipomsomea mzee maneno hayo, alikitazama kile kiboksi, na kwa mara ya kwanza tangu tangazo la redio akatabasamu kidogo. “Basi nacho kimekimbia kwao,” alisema.

Ndipo Bridgit akamwita fundi wa sava. Aliitwa Karisa, Mgiriama wa Malindi, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba alikuwa mtu mwema. Mtu mbaya ningejua la kumfanya. Langoni aliambiwa asipige picha, akampa Gerishom simu yake akae nayo. Akaingia ukumbini na laptopu tu, akakigeuza kiboksi na kusoma namba zilizokuwa tumboni mwake.

Alinieleza kazi yenyewe, kwa kuwa nilimsimamia kichwani nikimuuliza. Sava ilikuwa imesasishwa karibuni. Sasisho huletwa na skripti, nayo ni mistari ambayo mashine huisoma mmoja baada ya mwingine. Skripti ile hupitia kila kifaa na kukiuliza, wewe ni nani, na nani kakutengeneza. Kifaa kikikosa jibu, hufungiwa nje. Dawa yake ni fundi kufungua skripti na kukiandika kile kifaa kwa mkono, mistari minne: aina yake, jina lake, rafu kinayoruhusiwa, na mahali kilipo, ili sava ijue ikipelekee picha kwa njia ipi.

“Kwenye aina nitaidanganya kidogo,” Karisa alisema. “Naiambia kwamba hiki ni ndugu ya kifaa fulani inachokijua. Itakubali.” Akaandika. Kwenye rafu akaandika Kadzo. Kwenye mahali akaandika Mariakani.

Mzee alikuwa ameketi nyuma yetu, mikono juu ya fimbo. “Hiyo mashine yanijua mimi?”

“Haikujui, mzee. Ndiyo maana naiandikia.”

“Na waiandikia kwamba mimi ni nani?”

Karisa alinitazama. Nikamwambia hapa anaitwa Mzee wa Mwisho, aandike tu Runinga ya Ukumbini, yatosha.

“Jina langu ni Mwaringa,” mzee akasema.

Hakuwa amelitamka tangu aje kwetu. Karisa aliondoa vidole kwenye laptopu. Akainuka, akainama mbele ya mzee kwa adabu zote. “Mwaringa ndilo jina la babu yangu mzaa baba. Shikamoo, Tsawe.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Kumbe nina mjukuu Malindi na sina habari?”

Usicheke. Kwa Wagiriama tsawe ni babu, na mwenye jina la babu yako ni babu yako, hata kama mmekutana leo ukumbini kwa sababu ya kiboksi. Unampa heshima ile ile na utani ule ule. Niliona wazi kwamba Karisa hangeweza tena kuandika Runinga ya Ukumbini. Nilimwambia, “Jina halitoki langoni.” Naye akanionyesha mikono mitupu, hana simu, hana kamera. “Halitoki, dada. Hii ni mistari ya mashine, hakuna mtu anayeisoma. Siwezi kumwandika tsawe wangu jina la runinga.” Bridgit alikuwepo. Bridgit akaitikia kwa kichwa.

Basi akaandika Tsawe Mwaringa. Akaiendesha skripti, mistari ikateremka, kiboksi kikazimika na kuwaka, na kioo kikasema: Karibu, Tsawe Mwaringa.

Mzee hakujua kusoma. Nilimsomea. Aliniomba nimsomee tena, nikamsomea tena, na wazee wenzake wote ukumbini wakageuza shingo kusikia kwamba mtu mmoja kati yao ana jina. Nakiri nilifurahi. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Karisa akamwekea picha zijirudie zenyewe zikifika mwisho, ili asihangaike na rimoti, akamwonyesha kitufe chekundu cha kuwasha na kuzima. Nilimuuliza kama yeye amezitazama. Alitikisa kichwa. Mwenzake Dedan ndiye hupiga picha, yeye hushughulika na sava tu, na sava yenyewe huiona kwa nyuma, kwenye mistari. “Nikitazama matanga yote ya watu, dada, nitashindwa kula.” Akamuaga tsawe wake, akapanda gari la Malindi.

Tulitazama alasiri ile. Kadzo aliteremshwa chini ya mkorosho, kando ya mwanawe, kama alivyoahidiwa. Mzee alitoa pumzi ndefu, akalia kama wanaume wanavyolia, bila sauti, mabega tu. Nikaona hapo imetosha, nikanyoosha mkono nizime.

“Acha,” alisema. “Kule wachimba nini tena?”

Palikuwa na shimo la pili. Wanaume wanne walikuja wamebeba kitu kirefu kilichofungwa sanda nyeupe, wakakiteremsha, na sanda ikafunuka upande mmoja. Lilikuwa gogo la mgomba. Mwaro akasimama kati ya makaburi mawili, amevaa suti, akawaeleza watu kwamba baba yao mkubwa alisombwa na mto Sabaki na mwili haukuonekana, na kwa kuwa sasa mkewe amelala, si vizuri alale peke yake. Wakaufukia mgomba. Kwenye msalaba waliandika Mwaringa.

Watu wengine wangeiita mila, na mila ipo, maiti isipoonekana huzikwa kitu badala yake ili roho itulie. Lakini Mwaro alijua vizuri kwamba hakuna mto uliombeba mtu. Panga lilikuwa lake. Mwenye shamba akishakuwa na kaburi, shamba linapata mrithi, basi. Nilimtukana mle ukumbini matusi ambayo sikujua kwamba nayajua.

Mzee hakutukana. Alisogeza kiti karibu na kioo. “Yule binti anayelia yule, mwenye leso ya manjano. Rudisha.” Nilirudisha. Alikuwa binti mjamzito, amepiga magoti kwenye kaburi la mgomba, udongo hadi viwikoni, anaita tsawe, tsawe, mpaka wanawake wakamwinua. “Kabibi,” mzee alisema. “Mtoto wa marehemu mwanangu. Afua mashuka kwenye hoteli ya Watamu, kama wewe. Waulilia mgomba, mwanangu! Nipo!” Akacheka huku analia.

Baada ya hapo kula alikula. Na kila siku, baada ya chakula cha mchana, alibonyeza kitufe chekundu, akakaa kutazama mazishi yake. Aliruka hotuba ya Mwaro kwa kufumba macho. Alichokuwa akingojea ni Kabibi. Nilimuuliza kama hachoki. Akaniambia, “Wewe umewahi kuona atakayekulilia? Wengi wafa bila kujua. Mimi najua.”

Hatukujua, hakuna aliyejua kati yetu, kwamba mashine ile haitazamwi tu. Nayo huonyesha anayetazama. Kwenye runinga huoni kitu, lakini kwenye simu za familia, chini ya kila picha, hutokea jina la kifaa kinachoitazama, na mahali kilipo, ili jamaa walio mbali wajue hawako peke yao kwenye majonzi. Karisa alikuwa akiiandika mistari hiyo kila siku kwa mkono wake, na hakukumbuka kwamba upande wa pili kuna watu.

Basi hebu fikiria watu wa Malindi. Wamemzika mzee kwa sala na udongo. Wameshakula ubwabwa wa matanga. Halafu mchana mmoja wanafungua simu, na chini ya picha za mazishi wanaona: Tsawe Mwaringa, Mariakani. Anatazama sasa. Kesho yake tena. Keshokutwa tena, saa ile ile, na kila mara sehemu ya kaburi lake. Waliokuwa na shaka kama mzee ni mchawi waliacha kuwa na shaka. Maiti gani hukaa kitako kujitazama ikizikwa? Mwaro peke yake ndiye aliyejua kwamba hiyo si maiti. Hakuwatoa wenzake hofuni. Hofu yao ilimfaa.

Haya tulielezwa na Kabibi. Alikuja mchana, peke yake, na mtoto mgongoni. Gerishom alimzuia langoni, na mzee aliyekuwa kivulini akamtambua kwa sauti kabla hajamwona. Binti alipomwona alirudi nyuma hadi bega likagonga nguzo ya lango. Kisha akasema, “Tsawe, kama umekufa naomba ulale. Kama hujafa, nibarikie mtoto.”

“Sijafa. Nishike.”

Alimshika mkono kwanza kwa vidole viwili, halafu kwa mikono yote miwili, halafu akaangua kilio kile kile cha kwenye picha. Mtoto alikuwa amezaliwa baada ya mazishi, akapewa jina la babu aliyezikwa: Mwaringa. Sasa alikuwa na homa isiyoshuka, na nyumbani walisema wazi kwamba mwenye jina hajatulia kaburini na anamvuta wa jina lake. Kabibi alikuwa ametoroka. Hakumwambia mtu; hapa mjini alikuwa ameulizia tu makao ya wazee, mpaka madereva wa malori wakamwonyesha lango letu.

Mzee aliomba maji. Akatia funda kinywani, akampulizia mtoto utosini kwa manyunyu, na kumwambia, “Mwaringa, jina ni lako, mimi sikunyang’anyi. Pona.” Mimi nilisubiri amalize, kwa heshima. Kisha nikamgusa mtoto. Alikuwa anawaka, mbavu zikidumbukia kila avutapo pumzi. Hiyo si kazi ya jina. Hiyo ni nimonia.

Hapo ndipo Kabibi alinionyesha simu, nami nikasoma jina na mji. Nilikimbia ukumbini nikaizima runinga, nikampigia Karisa. Alikuwa Watamu kwenye harusi, laptopu ameiacha studio. Nilimweleza. “Nafuta,” alisema. “Nikifika Malindi nafuta, dada. Naenda mbio.” Bridgit alikuwa ameenda Kilifi mkutanoni. Nilimpigia akasema atawaita polisi, nifunge lango. Nilimwambia Gerishom asimfungulie mwanamume yeyote, hata aje na Biblia. Nilimwambia mzee aingie chumbani ajifungie. Halafu nikawachukua Kabibi na mtoto nikawapeleka hospitali, kwa sababu mtoto hangengoja Bridgit, wala Karisa, wala polisi. Wengine wameniuliza kwa nini nilitoka. Na wao ningewauliza, kama mimi ningebaki, nani angemsaidia mtoto kupumua?

Mtoto alitiwa oksijeni. Nilisimama mpaka nikaona rangi ya midomo imerudi, nikamwacha Kabibi naye, nikapanda bodaboda.

Lango lilikuwa wazi, na polisi hawajafika. Gerishom alikuwa ameketi chini akishikilia kichwa chake, damu ikimchuruzika kati ya vidole. Walikuwa wamefuata nyayo za Kabibi, wakaja na gari, wanaume watatu, na mwanamke mzima aliyelia langoni kwamba yeye ni mama mkwe wa Kabibi, mjukuu wake yuko ndani anakufa, afunguliwe amwone. Mimi nilikuwa nimemwambia kuhusu wanaume. Kuhusu mama anayelia sikusema kitu.

Mzee hakuwa chumbani. Nilipoondoka tu, alikuwa amerudi ukumbini na kubonyeza kitufe chekundu. Bibi wa Chumba cha Pili, ambaye miguu haimbebi na hivyo hakuweza kukimbia na wenzake, aliona yote. Aliniambia mzee aliwasikia wakiingia, akajua ni nani, na hakugeuka. Alisema tu, “Ngoja kidogo, Mwaro. Binti yuaja.” Alitaka picha ifike kwa Kabibi. Mwaro hakungoja.

Niliketi sakafuni nikamweka kichwa chake pajani. Nilikuwa na damu hadi magotini, na juu yangu runinga iliendelea. Kadzo akateremshwa. Mgomba ukateremshwa. Mwaro katika suti akaeleza habari za mto. Kabibi akapiga magoti akaita tsawe, tsawe. Ikafika mwisho, ikaanza upya, kama Karisa alivyoipanga. Sikuizima. Sikuwa na nguvu za kuinuka, na pia nilitaka mzee amwone Kabibi.

Wakati huo wenyewe, kama walivyoeleza baadaye wenzake Mwaro, gari lao lilikuwa njiani kurudi Malindi. Mwaro alitoa simu kuangalia kama jina limeondoka. Likawa lipo. Tsawe Mwaringa, Mariakani. Anatazama sasa. Alizima simu, akaiwasha, likawa lipo. Alianza kupiga kelele. Aliyekuwa haogopi maiti, kwa kuwa alijua siku zote kwamba hakuna maiti, sasa alikuwa nayo ya kweli, na ilikuwa inamtazama akisimama kati ya makaburi na kusema uongo. Kwenye kituo cha polisi kilicho kando ya barabara aliruka kutoka kwenye gari likiwa bado linakwenda. Aliingia na damu kwenye shati, akashika dawati, akawaomba wamfungie ndani. “Nimemuua,” aliwaambia, “na bado anatazama.”

Wakamfungia. Wanasema selo hakuitaka ile yenye dirisha. Sikumwonea huruma, na sitaki mtu aniombe nimwonee.

Mzee hatukumrudisha chini ya mkorosho. Kaburi lake pale lina mgomba, na kesi ya shamba haijaisha. Tulimzika Mariakani, na Kabibi akamlilia mara ya pili, safari hii kwa sauti ndogo, mtoto akiwa amepona na kulala begani mwake.

Karisa alikuja baada ya mazishi. Shati halikupigwa pasi. Siku ile alichelewa kupata gari, na alipofika studio polisi walikuwa wameshakataza sava isiguswe hadi wachukue ushahidi wao, sasa walikuwa wamemaliza, naye hakutaka kufanya lolote bila sisi kuwapo. Aliketi ukumbini palepale, akafungua skripti, akanionyesha ile mistari minne. Ilikuwa mistari midogo tu. Niliitafuta ndani yake dhambi kubwa, nikaona aina, jina, rafu, mahali.

“Nimfute, dada?” aliniuliza. “Mkono wangu ndio uliomwandika. Niambie nimfute.”

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia. Nilikuwa nayo tangu siku ile, makali, ya kumfanya asilale maisha yake yote. Nilipomtazama nikaona kwamba tayari halali usiku. Kabibi, aliyekuwa ameketi nami, ndiye aliyejibu. “Muache. Namwogopa bado, lakini muache.”

Karisa akaanza kufunga laptopu, na hapo Bibi wa Chumba cha Pili akapiga mkono kwenye kiti chake. Huyu ni mwanamke wa kutoka bondeni, walimchomea nyumba akiwa ndani, na tangu aletwe hatujamwita ila kwa namba ya mlango.

“We mjukuu,” alimwambia Karisa. “Na mimi niandike humo.”

“Bibi, hapana. Umeona kilichotokea.”

“Nimeona kuliko nyote. Nilikuwa hapa. Yule alikufa akiwa ni Mwaringa.” Alinyoosha kidole kuelekea mlango wake. “Mimi nitakufa nikiwa mlango. Niandike. Wakija, waje wanikute nina jina.”

Kisha mzee mmoja kipofu akasema naye aandikwe, na mwingine, na mwingine. Karisa alinigeukia akiwa na vidole juu ya laptopu, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Bridgit alisimama mlangoni akitikisa kichwa polepole, hapana. Na Bridgit alikuwa na haki. Kanuni ile haikuwekwa na mjinga.

Nilimwambia Karisa afunge laptopu. Nikachukua rimoti, nikazima runinga, nikawaambia wazee chai iko tayari.

Wote wakageukia chai isipokuwa Bibi wa Chumba cha Pili. Yeye alibaki akikitazama kioo kilichozimwa, akilitamka jina lake taratibu, tena na tena, kama mtu anayemsomea fundi herufi. Nililisikia vizuri sana. Nikainama nikaokota vikombe, nikajifanya sikusikia, kwa maana ningelisikia ningelazimika kumwita kwa hilo.